Kurudi Bagamoyo kutoka Angani bila Kuiva

Umeshiba nyota, sasa unataka nyumbani. Vizuri. Kwanza, usimsikilize fundi wa majahazi. Atakuchongea omo kali, maana omo kali hupasua maji. Hewa ukiijia kwa kilomita 28,000 kwa saa haina muda wa kupisha: inashindiliwa mbele yako, na kushindiliwa huko ndiko kunakoichemsha. (Msuguano husingiziwa mengi.) Mmarekani Harvey Allen aliling'amua hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: chombo kiwe butu, ili wimbi la hewa ya moto lisimame mbali nacho na joto lingi lipite pembeni. Kwa hiyo ingia kitako mbele. Heshima utaitafuta ukishatua.

Pili, tafuta kitu kiungue kwa niaba yako. Vyombo vya Apollo vilivishwa Avcoat, resini yenye nyuzi za silika, vikarudi kutoka mwezini kwa kilomita 11 kwa sekunde. Ngao ya namna hii kazi yake ni kufa taratibu: uso unageuka mkaa, gesi zinafuka kutoka ndani na kulisukuma joto, kisha mkaa unamomonyoka na kuondoka na moto wake. Kama mfuko wako ni wa kwetu, jipe moyo: China ilitumia mbao za mwaloni kwenye satelaiti zake za kurudi duniani. Mwaloni hatuna, ila kugeuza mti kuwa mkaa ni fani ambayo Bagamoyo haijawahi kufeli.

Zile gesi ziachie njia. Desemba 2022, chombo cha Orion kilirudi, bila mtu ndani, ngao ikiwa imebanduka vipandevipande kwa sababu gesi zilikwama na kuipasua.

Usidharau tundu. Chombo cha anga Columbia kilitobolewa bawa la kushoto na kipande cha povu wakati wa kuruka. Tarehe 1 Februari 2003 hewa ya moto ikapenya humo, na wanaanga 7 wakafariki. Hapo sitanii.

Ukitoka mwezini, shuka kwa pembe ya nyuzi 6.5 hivi. Ukizidisha, utaiva, ukipunguza mno, utadunda urudi angani, na hakuna bodaboda.

Mwisho, angalia unachodondosha. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma iliyosemekana ni ya roketi, kilo 500 hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Vitu vya namna hiyo hutarajiwa kuungua angani au kuangukia baharini. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo italipa hasara iliyotokea ardhini, hata kama haikukosea. Kwa hiyo, kabla ya kupita juu ya mihogo ya watu wa Kiromo, hapo Bagamoyo, futa bendera.