Studio Tatu Ndani ya Chumba Kimoja

Mtayarishaji mwenzangu wa Mbeya, nawe wa Iringa, sogea. Mteja anataka kwenye video aonekane yuko ghorofani, jiji zima likimwakia taa mgongoni. Wewe una chumba kimoja Mwanjelwa, na godoro limeegemezwa ukutani. Mkubalie haraka kabla hajaenda kwa mwingine, kisha fanya hivi.

1. Nunua kitambaa cha kijani kisichong'aa, ambacho programu itakifuta na kuweka picha ya jiji mahali pake. Satini waachie mabibi harusi, kwa sababu inarudisha mwanga na kuacha mabaka. Kijani kinakatika vizuri kwa kuwa ngozi ya mtu haina rangi hiyo, na kihisi cha kamera nyingi za kidijitali kina vipokea mwanga vya kijani mara mbili ya vyekundu au vya bluu. Kipige pasi, ukiwambe kama ngozi ya ngoma. Kila kunjo huzaa kivuli, na kivuli ni kijani kingine ambacho programu itakiacha palepale.

2. Mkague mteja mlangoni. Diwani akija na shati la kijani la CCM, kifua kitayeyuka na kichwa kitaelea juu ya jiji. Mwana Yanga atabaki na njano tupu. Usibishane na mtu kuhusu chama wala timu yake. Shusha kijani, tundika kitambaa cha bluu. Bendera ya Taifa usiiweke mbele ya kitambaa: kijani kitatoboa pembetatu yake ya juu, na bluu inaweza kula ya chini. Iongeze baadaye kama picha.

3. Mkalishe mbali na kitambaa, hatua mbili tatu, ili ukijani usimrukie mabegani. Kitambaa kipe mwanga wake, mtu wake. Huna taa? Unaishi Nyanda za Juu, una mawingu! Asubuhi za masika, Mbeya ikijifunika, mwanga wa nje huwa laini na sawasawa kila upande. Toa kitambaa barazani, upige kazi. Kipupwe ndicho kibaya: jua kali, upepo, kitambaa kinapepea. Hapo rudi ndani.

4. Sasa mandhari, na hapa usiwe na haraka. Mteja ataomba Dubai. Msifu kwanza, kisha mwambie kwamba mtu mzito haazimi mji wa watu. Akiwa wa Mbeya, panda mteremko wa mlima Loleza. Akiwa wa Iringa, panda jiwe la Gangilonga jua linapozama. Piga picha mwenyewe, na hakuna atakayekudai haki yake. Jua la kwenye picha likitoka kushoto, taa ya mteja nayo itoke kushoto. Mstari wa upeo uwe usawa wa macho yake, la sivyo ataonekana jitu au mtoto. Kisha ififishe picha kidogo, kwa sababu jicho husamehe kilicho mbali na chenye ukungu. Izungushie ukuta wa kuchora, ionekane kama dirisha. OBS ni programu ya bure, ina kichujio cha kufuta rangi, na kuiweka picha hiyo nyuma ya mteja inaweza.

5. Weka meza ya kweli. Meza ya mbao, kikombe cha chai ya Mufindi kinachofuka moshi, kipaza sauti hata kama hakijachomekwa. Mtazamaji akiona mkono umegusa kikombe, ataamini na dirisha. Meza pia inaficha miguu, na miguu isiyo na kivuli ndiyo huumbua watu.

6. Sasa ifanye studio moja iwe tatu: picha ileile ya Gangilonga ipige asubuhi, jioni na usiku. Kwa kila kipindi badilisha rangi ya ukuta wa kuchora, nembo na utepe wa jina chini. Kwenye ankara andika mandhari tatu, na udai tatu bila kupepesa macho. Kila moja umeipandia mlima.