Sifa za Tundu la Nusu Milimita

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuhusu kuvuja kwa tangi la petroli hawakutuachia neno. Naomba niwazibie pengo hilo, ingawa kuziba ndiko kulikonishinda wiki sita mfululizo hapa Houston, nikilala chali chini ya gari langu la mwaka 2008. Nimekuja kulisifu tundu lililonilaza pale, na simtanii mtu.

Mtukufu hutajwa kwa nasaba yake, basi nianzie huko. Petroli ina pumzi. Ukiegesha gari juani, mvuke hupanda ndani ya tangi na kutafuta njia ya kutokea, na zamani uliachiwa uende zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia wa asili ya Uholanzi aliyefanya kazi katika chuo cha Caltech, alionyesha kwamba mvuke huo na oksidi za naitrojeni, vikipikwa pamoja na jua, ndivyo vilivyowatoa machozi watu wa Los Angeles. California ikaamuru magari mapya ya kuanzia 1970 yazuie mvuke wake, na mwaka uliofuata amri ikaenea Marekani nzima. Na unafikiri waliuzuia kwa nini? Kwa mkaa! Nyuma ya gari kuna kopo la mkaa maalumu unaounywa mvuke gari likiwa limelala. Injini ikishapata moto, vali ndogo hufunguka, injini ikaunyonya mvuke ule na kuuchoma. Mama yangu, aliyepika kwa mkaa maisha yake yote, alicheka sana nilipompigia simu kumweleza kwamba gari langu nalo lina mkaa wake.

Baina ya tangi, kopo na injini kuna mabomba na mipira, na humo ndimo mheshimiwa wangu alimozaliwa. Tazama cheo chake. Mlango wangu wa nyuma umebonyea tangu mwaka juzi na hakuna ofisa aliyeuliza. Lakini magari ya kuanzia 1996 yana kompyuta iliyoagizwa na sheria kuusaka uvujaji: huufunga mfumo wote, huvuta hewa, kisha hutulia kusikiliza kama kuna mahali panapopumua. Mwanzoni iliagizwa ikamate tundu la milimita moja. Baadaye California ikasema milimita moja ni lango, ikataka nusu. Tundu la nusu milimita likipatikana, namba P0456 huandikwa na taa ya injini huwaka. Na taa ikiwaka, gari halipiti ukaguzi wa hewa chafu hapa kaunti ya Harris, na lisipopita, usajili haufanywi upya. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliota barua za kunikumbusha usajili.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu, hasa kwa wauza spea. Niliponunua kifaa cha kusomea makosa ya gari na kuiona namba, nilitabasamu kama mtu aliyesoma. Ni mfuniko wa tangi tu, nikasema, pete yake ya mpira imechakaa. Nikanunua mfuniko. Taa ikazima siku nne, ya tano ikarudi. Nikanunua vali ile inayoruhusu mvuke kwenda kwenye injini. Nilipoifungua ya zamani ndipo nilipokumbuka kuipima: vali hii isipopata umeme inatakiwa iwe imefunga, kwa hiyo ukiipuliza kwa mdomo pumzi isipite. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Haikupita hata chembe. Ilikuwa nzima, na mpya nilikuwa nimeishailipia.

Fadhila ya pili ni kumrudisha mtu kwa wakubwa. Katika jengo letu yuko mzee wa Tanga aliyeshika spana tangu ujanani; sote tunamwita Babu. Mkataba wa nyumba unakataza kutengeneza magari kwenye maegesho, hivyo nilikuwa nikifanya kazi Jumapili alfajiri kama mwizi. Jumapili moja viatu vyake vikasimama karibu na kichwa changu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mfuniko umeshanunua?"

"Nimenunua."

"Na vali?"

"Nimenunua."

"Basi umebakisha kununua gari."

Akaniuliza kama nimewahi kunusa. Sikuwahi, nilikuwa nasoma namba tu. Sigara yake ilibaki mfukoni, injini ilikuwa imepoa tangu jana, gari liko juu ya stendi na siyo jeki peke yake. Nikasogeza pua nyuma ya tairi la kushoto, na harufu ya petroli ilikuwepo, nyembamba kama ya mshumaa uliozimwa chumba cha pili. Babu akamulika tochi kwenye mpira mfupi unaoingia kwenye kopo la mkaa. Ulionekana mzima. Akaukunja kwa kidole gumba, pale kibanio kilipokuwa kimeung'ata miaka yote, nao ukafungua midomo. Alipouachia, ukafumba tena kama usiojua lolote. Ndiye huyo! Mpira mpya na vibanio viwili havikufika bei ya sahani ya wali kuku.

Fadhila ya tatu ni kufundisha kiasi. Ukishaziba, taa haizimi kwa kuwa umefurahi. Kompyuta hujipima yenyewe kwa wakati wake: inataka injini iamke ikiwa baridi, na tangi lisiwe limejaa wala kukaribia kukauka. Wajanja huifuta namba kwa kifaa na kukimbilia ukaguzi, maana kwa gari la 2001 na kuendelea inaruhusiwa kipimo kimoja kiwe hakijakamilika. Nilishawishika, nisiseme uongo. Lakini nilitaka nisikie tundu lenyewe likikiri. Nikaendesha siku kadhaa na nusu tangi, mimi niliyekuwa na tabia ya kuibembeleza pampu ya mafuta hata baada ya kujikata yenyewe. Babu alikuwa amenionya: kile unachobembeleza huenda kikaishia kwenye mkaa, na mkaa uliolowa petroli hauwezi tena kunywa mvuke.

Asubuhi moja taa haikuwaka. Nilikaa nimeshika usukani, na nakiri kwamba nilipungukiwa kidogo. Pakacha limeacha kuvuja, na mchukuzi kaanza kuukumbuka wepesi.

Juzi kijana wa ghorofa ya pili alinijia mbio, taa yake ya injini inawaka, ameishaisoma namba na jibu analo mdomoni. Nikamwacha amalize. Kisha nikakohoa taratibu, kama nilivyomsikia Babu akikohoa, nikamwuliza:

"Mfuniko umeshanunua?"