Namba Kubwa Ikijidai Tasa: Namna ya Kuihoji

Namba ikikujia ikidai kwamba ni tasa, ipokee kama familia inavyompokea mgeni aliyeleta posa: karibu, keti, kunywa chai, kisha tueleze ukoo wako. Ukubwa usikutishe. Tumchukue mgeni huyu, 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Itamke yote kwa sauti kabla ya kushika kalamu: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba.

Mdhamini wake ni mzito. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, ongeza 1, ni tasa, na kweli zilizotangulia, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa. Wewe usiitikie bado.

Maswali ya mlangoni yamalize haraka. Inaishia na 7, basi ni witiri na haigawanyiki kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Hapa wengi hukata tamaa, maana kipeuo chake cha pili ni 65,536 na ushei, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Usizijaribu zote! Leonhard Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Andika 65, 129, 193, ukiongeza 64 kila mara, futa zisizo tasa, na zinazobaki mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, 641.

Gawanya kwa mkono, simu iweke mbali. Nne za kwanza zitagoma. Ya tano: 641 katika 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448, shusha 9, upate 4,489, mara 7, inabaki 2. Endelea kushusha, nayo inaingia mara sifuri, sifuri, 4, 1. Mwishoni unabaki na 4,487, na 641 mara 7 ni 4,487 barabara. Hakuna baki. Piga kelele, jirani akiuliza kuna nini, mweleze kwamba Euler alikipata kigawo hicho mwaka 1732.

Sasa iainishe. Ni 641 × 6,700,417, zote mbili tasa, kwa hiyo ina vigawo 4 tu. Ukiiacha yenyewe na kujumlisha vilivyobaki unapata 6,701,059, haifiki hata asilimia moja yake: ni namba pungufu. Uzuri wake hasa uko hapa: ni 65,536² + 1², na tena ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kabisa kuwa jumla ya vipeo vya pili viwili kwa njia mbili. Ungeiona ile ya pili mapema, ungeikatalia posa bila kugawanya chochote.

Ikikunogea, mdogo wake ni 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry aliigawanya mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Safari hii ongeza 128 kila mara, na kalamu ziwe mbili.