Shimo la Mbagala na Neno Lililokwepwa

Shimo la choo la baba mkubwa, Mbagala, lilijaa wiki ya posa ya dada, masika yakiwa yamekolea, na kati ya watu wote walioishi pale hakuna aliyethubutu kulisema jambo hilo kwa jina lake.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, upande mmoja wapangaji, na uani jiko, kisima na choo. Wa kwanza kuona hatari alikuwa shemeji, mke wa kaka, kwa kuwa ndiye anayeosha choo alfajiri. Lakini mkwe hazungumzi na baba mkwe habari za huko. Asubuhi moja alipiga goti, akaamkia, kisha akasema kwa adabu zote, "Baba, kule uani maji yamekaribia juu."

Baba mkubwa alikuwa amelalamikia ukavu wa kisima tangu Januari. "Alhamdulillahi," akajibu. "Kisima kimeanza kupata maji."

Siku iliyofuata shemeji akajaribu tena. "Baba, msalani kumejaa."

"Subiri mama, atatoka tu," akasema mzee, macho kwenye gazeti.

Mdogo wangu wa mwisho, anayeendesha bodaboda, akaona bora ampigie simu bibi mzaa baba, anayekaa Mwananyamala, Kinondoni. Alipiga akiwa barabarani, magari yakipiga honi. "Bibi, shikamoo. Nyumbani ishu ni msala. Msala mkubwa, na wageni ndiyo hao Jumamosi!" Bibi akamwambia asiwe na shaka. Siku mbili kabla ya posa alishuka kwenye daladala, begani amebeba mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri, mpana wa kutosha watu watatu kusali bega kwa bega.

Walimcheka, na mimi sikupenda. Bibi hakukosea chochote. Msala ni mkeka wa kusalia, neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwa mwanamke aliyezaliwa Pangani hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Anayetaka kusali hutangulia kutawadha, na mahali pa maji ya kujisafishia palikuwa jirani na mahali pa haja. Naona ndivyo msalani palivyohama polepole kutoka kwenye mkeka hadi kwenye shimo. Vijana wa Dar es Salaam wakaja kulibeba neno hilo hilo hatua moja zaidi, likawa balaa: aliyekamatwa na askari kapata msala, aliyedaiwa kodi yuko kwenye msala. Ibada, choo na balaa vyote vimo katika neno moja, na kila mtu pale nyumbani alishika kipande chake.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Neno toilet walilolisambaza duniani lilianzia Ufaransa, ambako toilette ilikuwa kitambaa kidogo. Kikawa kitambaa cha kutandika meza ya kujipambia, kikawa kujipamba kwenyewe, kikawa chumba cha kujipambia, mwisho kikaishia pale pale ulipoishia mkeka wetu. Na kabla ya kitambaa hicho Waingereza walisema wazi. Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, katika The Canterbury Tales, alimchora mchungaji asiyefaa kwa neno la mavi, na neno hilo lilikaa katika kifungu cha kuonya makasisi. London ya enzi hizo ilikuwa na kichochoro kilichobeba neno hilo hilo katika jina lake. Leo kinaitwa Sherborne Lane. Neno halikubadilika sauti sana kwa miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni watu, walioanza kuliona chafu.

Letu ni kunya. Angalia limekaa na nani: kula, kunywa, kufa, kuja. Hivi ni vitenzi vya silabi moja, vikongwe vya lugha, vinavyong'ang'ania ku- yao hata vikipewa nafsi na wakati uliopo: anakula, anakunywa, anakunya. Wazulu, mbali kule kusini, nao wana kitenzi hicho kwa maana hiyo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakipa maana mbili pamoja, mvua kuanguka na mtu kwenda haja, na bibi mpaka leo akiona wingu la Bahari ya Hindi husema mvua inakunya. Sisi tumeona haya, tukaikabidhi mvua kitenzi kilichoongezwa mkia, kunyesha. Wazee hawakuona haya hiyo. Walipotaka kukemea upendeleo walisema kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Walipotaka kumtuliza anayepitiliza walisema kuchamba kwingi, kuondoka na mavi. Methali hizo zilisemwa barazani mbele ya wakwe na masheikh, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tulipolikimbia kunya tulikimbilia choo, nalo choo likashika uchafu ule ule, hata zahanati mtu akiambiwa alete choo anajua ni kikopo. Likafuata msalani, likafuata maliwato, likafuata haja kubwa, likafuata kujisaidia. Siku hizi dalali wa Temeke akitangaza "chumba masta" maana yake kina choo ndani, na neno choo halimtoki mdomoni. Kila pazia likichafuka tunashona jingine. Sipingi staha, staha ni sehemu ya malezi yetu. Ninachopinga ni staha inayoacha shimo lifurike.

Kwa maana wakati sisi tunazunguka, mpangaji mmoja alikwishafikia uamuzi wake. Usiku ule ule aliofika bibi, mvua ikipiga bati, alitoka uani na sururu. Alitaka kutapisha choo. Mkazi yeyote wa Mbagala, Tandale au Manzese anajua maana yake: unatoboa ukuta wa shimo mvua ikiwa kubwa, uchafu unatoka na maji, unapita uchochoroni, asubuhi hauulizwi. Maji yale huingia mitaroni, viwanjani wanakochezea watoto, na kwenye visima vifupi. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jiji hili hili la Dar es Salaam, Kinondoni ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, kisha kikasambaa nchini. Na kisima chetu kiko hatua chache tu kutoka chooni.

Bibi alisikia sururu. Akatoka na khanga kichwani, akasimama kwenye mvua, akapaza sauti ambayo nyumba za jirani zote ziliisikia: "Nani huyo anayetaka kutunywesha mavi?"

Taa zikawashwa. Baba mkubwa akatoka mbio, na bibi akamgeukia. "Mwanangu, shimo limejaa mavi. Watu wako hawana pa kunya. Mkeo anajua, mkwe wako anajua, wajukuu wanajua. Wewe hukuambiwa?" Mzee akamtazama shemeji, shemeji akatazama chini, na hapo ndipo mzee alipoyaelewa yale maji ya uani.

Bibi ana sababu ya kutoogopa neno hilo. Mwaka 1973 alikuwa mke kijana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, wakasoma kijitabu, wakajadili: minyoo inatoka wapi, nzi anatua wapi kabla ya kutua kwenye ugali. Inakadiriwa kampeni ile ilifikia watu wapatao milioni mbili, na vyoo vingi vilichimbwa nchini kwa sababu yake. Wanawake na wanaume walikaa pamoja wakitaja mavi kuwa mavi, kwa kuwa huwezi kumfundisha mtu kuogopa kitu usichokitaja.

Asubuhi gari la kuvuta majitaka lilikuja likakwama mdomoni mwa uchochoro, mpira haukufika. Ikabidi waitwe vijana wenye pampu ya mkono, ile inayoitwa Gulper, iliyojaribiwa Dar es Salaam mwishoni mwa muongo wa 2000 kwa ajili ya mitaa kama hii isiyopitika. Walivuta tope kwenye mapipa, wakayapakia kwenye toyo, wakayapeleka kunakopokelewa majitaka badala ya mtaroni. Wapangaji walichanga, na yule wa sururu alichanga kama wenzake. Kazi ya vijana wale wa pampu ni ngumu na ina hatari, nao wanastahili glavu, buti na salamu ya heshima kama fundi yeyote.

Jumamosi wageni wakaja. Posa ikapokelewa. Adhuhuri wanaume wa upande wa pili waliuliza pa kusalia, wakatandikiwa ule mkeka wa ukindu uliokuwa ukisubiri ukumbini.

Tangu hapo baba mkubwa ameweka utaratibu. Shimo hufunuliwa na kukaguliwa Januari, ardhi ikiwa kavu na maji ya chini yakiwa mbali, na mchango hukusanywa kabla ya Machi. Shemeji ameruhusiwa kumwambia mzee lolote kuhusu choo, kwa neno lolote, saa yoyote. Nawe uliyepanga au kujenga Mbagala, Charambe, Tandale au Kigogo, lifunue shimo lako kabla ya masika, na ukilikuta limejaa mavi mwambie mwenye nyumba kwamba limejaa mavi.