Saba Hadi Moja: Bujora Ichongwe kwenye Lino

Nina ugomvi na wachapaji wa picha. Mnigeria Bruce Onobrakpeya alichonga Njia ya Msalaba yote, vituo 14, akaichapa kwa lino mwaka 1969. Azaria Mbatha wa Afrika Kusini aliwaingiza Wazulu ndani ya Biblia kwa wino mweusi na karatasi nyeupe tu. Sisi hapa Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, tuna Bujora, kanisa na makumbusho ya Wasukuma, na picha yake ya lino, yenye rangi zake, bado naisubiri. Nahesabu kwa kurudi nyuma kwa nini naidai.

7. Lino ni sakafu. Mafuta ya mbegu za kitani na unga wa koki, vimeshindiliwa juu ya gunia la juti. (Mkeka wa sebuleni kwako ni plastiki, usiuguse, utalala nje.) Tumeipigia sakafu magoti miaka yote, sasa nayo ipande ukutani.

6. Bujora wanajua kuhesabu. Katika makumbusho ya Wasukuma kuna pipa linalozunguka, linaonyesha moja hadi kumi kwa namna mbalimbali: kila rika lilikuwa na maneno yake, asiyehusika asielewe. Mchapaji wa rangi naye ana hesabu yake ya siri. Anachonga kidogo, anachapa njano; anachonga tena lino ileile, anachapa nyekundu; anamalizia na nyeusi. Picasso aliipenda sana njia hii. Ubaya wake ni kwamba ukikosea kwenye nyekundu, njano huipati tena. Lino imeshaliwa.

5. Aibu yangu. Niliwahi kujaribu. Nikaianika lino juani ilainike, nikachonga jina kwa saa mbili, nikapaka wino, nikalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Nikabandua taratibu, moyo unadunda. Ikasomeka AROJUB. Jirani akaniuliza kama ni Kilatini.

4. Ngoma za watemi. Zimehifadhiwa kwenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na sikukuu za kanisa hutoka zikapigwa. Kwa mchongaji, ngoma ni mtihani: duara juu ya duara. Siri ni kutuliza patasi na kuizungusha lino yenyewe. Anayezungusha mkono atachonga viazi.

3. Bulabo. Kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vinakutana uwanjani kushindana, wote wanacheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Waheshimiwa mapadri, kipimo hiki msikipeleke kwenye mahubiri. Wapo wanaocheza na majembe, wapo wanaocheza na chatu. Chatu ni mstari mmoja wa patasi, bure kabisa.

2. Padri David Clement. Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada. Miaka ya 1950, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaketi mwaka 1962, yeye tayari alikuwa anakusanya mila za Wasukuma na kuziingiza kanisani. Makumbusho yakafunguliwa 1968. Wengine walisubiri barua kutoka Roma.

1. Altare. Kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na altare ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Hapa natoa hukumu yangu: huu ndio usasa ambao wachoraji wa Ulaya waliuhangaikia, umbo lililovuliwa mapambo likabaki na nguvu zake, na muumini wa Bujora anaukuta kila Jumapili bila kulipa kiingilio. Rangi tatu zinatosha: njano ya nyasi za kiangazi, nyekundu ya udongo, nyeusi ya kivuli cha ndani. Altare yenyewe isipakwe wino kabisa. Kwenye lino, kilichochongwa na kuondolewa ndicho kinachobaki cheupe. Basi kiti cha mtemi kichongwe chote, karatasi iwake.

Mchapaji mwenye nia afike Kisesa Juni na patasi zake. Kijiko nitaleta mimi.