Piko la Hedifoni

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi juu ya zulia la watu ambao sikuwahi kuwatia machoni kabla ya siku hiyo, nimevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi na kofia ya viua, msemaji wa upande wetu katika posa ya mpwa wangu. Na nilikuwa nimefika mahali pa kuisifu nasaba ya wazee wa binti, mlango kwa mlango, nilipotambua kwamba wazee hao, ambao kwa taadhima yao hawakunikatiza hata mara moja, walikuwa wakiyatazama masikio yangu.

Nilidhani huo ndio usikivu wa watu wa zamani. Nikaongeza ufasaha. Nikatia misemo ambayo nilikuwa nimeiweka akiba kwa siku ya nikaha, na kadiri nilivyozidi kusema ndivyo ilivyozidi minong'ono nyuma ya pazia walikokaa wanawake, mpaka akaingia mtoto wa miaka mitano hivi amechukua sahani ya haluwa, akasimama mbele yangu, akanikagua upande wa kulia, akazunguka akanikagua na wa kushoto, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika uani kwamba babu huyu masikio yake yanabambuka. Pazia likacheka. Mjomba wa binti, mzee mwenye huruma, akaniinamia na kuniuliza taratibu: "Niwie radhi, Maalim, piko hili umelitia leo? Maana naona halijashika." Na mwenziwe, ambaye huruma hakujaliwa, akauliza kama ingewezekana waambiwe mapema, kabla mazungumzo hayajafika mbali, posa hii ni ya kijana au ni ya mjomba.

Nilitoa leso nikapangusa. Lo! Weusi uliokuwa umetulia kuzunguka masikio ukashuka shavuni, ukaingia katika ndevu zangu, ambazo ni nyeupe na zinajulikana kuwa nyeupe, na mabaki yake yakapukutika juu ya kanzu mfano wa pilipili manga. Mpwa wangu aliinamisha kichwa akawa anahesabu nyuzi za zulia. Njiani, tuliporudi, alikiri kwamba alikuwa ameuona uchafu ule tangu tulipotoka mlangoni kwetu, lakini adabu ilimzuia kumkosoa mkubwa wake. "Nilidhani ni dawa, mjomba," alisema.

Haikuwa dawa, wala piko, wala maradhi ya ngozi kama walivyoamini baadhi ya wale waliokataa kula haluwa katika sahani niliyoigusa. Ilikuwa ngozi ya hedifoni zangu, nilizozivaa tangu niliporudi msikitini adhuhuri hadi nilipoitwa kwenda kwenye posa. Mwenye kuniuliza kwa nini mtu avae hedifoni saa zote hizo, basi na aulizwe yeye husikiliza nini. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu hivi, na sikio lolote laweza kuvumilia chochote kwa dakika tatu. Lakini "Enta Omri", wimbo ambao Mohammed Abdel Wahab alimtilia muziki Umm Kulthum wa Misri mwaka 1964, hukaribia saa nzima, na mtu mwenye heshima hauachi wimbo kama huo katikati, wala hausikilizi huo peke yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa ngozi bandia, na nakiri kwamba elimu yake imenitia mapenzi ambayo fedheha yangu haikustahili kuyazaa. Hiyo iitwayo ngozi ni kitambaa kilichopakwa utando mwembamba wa poliurethani, na utando huo ukapigwa chapa ya vinyweleo na mikunjo ili kidole kidanganyike. Ndani yake mna minyororo mirefu ya kemikali, na katika aina inayotumika sana vishikizo vya minyororo hiyo vina hasimu asiyelala, naye ni maji. Wala si lazima yawe maji ya kumwagiwa; unyevu ulioko hewani watosha. Maji hupenya polepole, yakakata kishikizo kimoja, kisha cha pili, na kila mkato huacha nyuma yake tindikali kidogo, na tindikali hiyo huuharakisha mkato unaofuata, hata utando uliokuwa ukinyumbulika ukawa magamba. Joto huzidisha kasi, na jasho na mafuta ya mwili huleta msaada wao. Lakini ajabu inayozishinda zote ni hii: kazi hiyo haingoji mnunuzi. Hedifoni zilizolala ndani ya boksi lake, hazijapata kuvaliwa na kiumbe, katika ghala la mji wa pwani ambao hewa yake yaweza kukamuliwa, zinazeeka vilevile, na siku unayozifungua kwa bashasha na kuzinusa upya wake huenda umri wake umekwisha kwenda nusu.

Na kwa nini basi watengenezaji wakazipamba hedifoni kwa kitu dhaifu namna hiyo? Hapa pia pana hikima. Kiwambo cha hedifoni za kufunika sikio, ambacho aghalabu upana wake ni milimita 40 au 50, hakina nguvu ya kuitikisa hewa ya chumba. Huitikisa hiyo hewa kidogo iliyofungiwa baina yake na sikio, na sauti nzito, zile za besi linalokokota nyuma ya fidla, husikika vizuri maadamu hewa hiyo haina pa kutorokea. Utando usiopenyeza huziba, kitambaa huvujisha. Ndiyo sababu katika aina hizi zilizozibwa watengenezaji wakakaza na upinde wa kichwani, ili mito ya masikioni ishikamane na fuvu, na hapo ndipo dhiki ya mwanadamu inapoanzia, kwa kuwa sikio ni gegedu lililofunikwa ngozi, halina shahamu ya kulikinga, na utosi nao kinga yake ni haba. Mvaa miwani ameonewa maradufu: mkono wa miwani huinua mto, besi likatoka kwa upenyo huo, na kilichobaki cha shinikizo kikaushindilia mkono wenyewe katika fupa la nyuma ya sikio. Hukosa muziki na akapata maumivu, kwa bei moja.

Nathaniel Baldwin, aliyeziunda hedifoni zake jikoni mwake huko Utah na kuliuzia Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1910, alitumia kwa upinde wa kichwani vijiti vya waya vilivyovikwa ngozi halisi, na ninaamini kwamba hakuna mwanamaji aliyerudi kwao na magamba meusi shavuni.

Sasa niseme kweli, kwa kuwa mzaha una mpaka wake. Raha ya hedifoni haijulikani kwa dakika mbili. Katika dakika mbili zote ni laini, zote ni nyepesi, zote zakumbatia kichwa kwa mahaba; adha huja baada ya saa ya kwanza, na fuvu huanza kulalamika katika ya pili. Na katika duka nilikonunua zangu, hapa Unguja, hata hizo dakika mbili sikupewa: boksi lilikuwa limezibwa kwa gundi, na kijana mwenye duka alinionyesha kibao ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akanihakikishia kwa kiapo kuwa ni orijino. Nilipomrudia na magamba yangu katika bahasha, alinishauri nisitoke jasho. Nikamwomba aniuzie mito mingine. Hakuna, ile imegandishwa kwa gundi, na ikifa, kiwambo kilicho kizima, sumaku iliyo nzima na waya ulio mzima hutupwa pamoja nayo jaani. Juu ya boksi imeandikwa kwamba ni raha ya kutwa nzima. Kutwa ya wapi? Mtu aliyeyaandika maneno hayo hakuwaza Machi ya Zanzibar, ilhali fedha zetu za Machi alizipokea bila ya kuuliza zimetoka katika unyevu gani. Jambo hili hunichoma zaidi kuliko kicheko cha nyuma ya pazia, kwa kuwa wale angalau walinipa haluwa.

Nilijaribu za kuchomeka ndani ya tundu la sikio. Zikanifanya nisikie utafunaji wangu mwenyewe. Nilijaribu za kuazima, nzito. Shingo ikashika siku mbili. Nilimpa fundi cherehani azivike zangu kanga. Besi likatoka lote, na kwenye sikio la kushoto pakasomeka nusu ya jina la kanga yenyewe, ambayo ilikuwa ya matusi.

Hatimaye nimeangukia zile zilizo wazi migongoni, ukoo ulioletwa sokoni na Sennheiser ya Ujerumani mwaka 1968 kwa HD 414 na mito yake ya sifongo ya manjano. Hizi hazijaribu kuziba kitu. Hewa hupita, jasho hukauka, upinde wake hauna sababu ya kukaza, na mito yangu ni ya kitambaa chenye manyoya mafupi, inang'oka kwa mkono na kufuliwa kwa sabuni. Nimezivaa tangu isha hadi kukaribia alfajiri, na miwani juu, nikasahau kwamba nina masikio. Dosari yake ni kwamba kila ninachokisikia mimi hukisikia na mwenye kulala karibu nami, kwa sauti ya mbu aliyesomea muziki. Mke wangu alivumilia Misri yote, mwanzo hadi mwisho, kisha akageuka akaniambia: "Bwana, maadamu ni lazima tusikilize sote, basi ongeza sauti, angalau niyapate maneno."