Sifa za Harufu ya Godoro Jipya

Katika wote wanaoingia chumba cha mume na mke, ni harufu ya godoro jipya peke yake isiyobisha hodi, na ikishaingia inalala katikati. Mama mkwe hathubutu. Mtoto wa miaka mitatu hujaribu, akabebwa akarudishwa kitandani kwake. Harufu hii haina wa kuibeba. Nimeamua kuisifu kwa sababu inasemwa vibaya kila siku, hasa na wajawazito, na haijapata hata ndugu mmoja wa kuisimamia.

Tuanze na nasaba, maana anayesifiwa lazima aulizwe ukoo. Huu ni ukoo wa Kijerumani. Mwaka 1937, mjini Leverkusen, mkemia Otto Bayer na wenzake walipata njia ya kuunganisha vimiminika na kuzaa kitu kiitwacho poliurethani. (Jina la mkemia huyo lilifanana na la kampuni maarufu ya mji huo, lakini hakuwa wa familia ya waanzilishi. Majina yalikutana tu.) Inasimuliwa kwamba sampuli za mwanzo zilitoka zimejaa matundu, na waliozikagua wakaona labda zingefaa kutengenezea jibini bandia ya Uswisi. Matundu hayo hayo ndiyo tunayalalia leo.

Kazi yenyewe hufanyika kwa haraka inayotisha. Kiwandani humiminwa kemikali mbili, polioli na isosayaneti, pamoja na maji kidogo. Maji yakigusana na isosayaneti hutoa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa kifuani, nayo huumua mchanganyiko mzima. Kwa dakika chache bonge linapanda, katikati yake joto likipita nyuzi 100, kisha linaachwa lipoe na kuiva kabla ya kukatwa kwa msumeno. Wamo na wapambe: amini za kuharakisha mambo, ambazo kwa asili hunuka samaki aliyelala, silikoni ya kulinganisha matundu, rangi, na gundi kama godoro limeungwa kwa vipande. Sehemu kubwa ya wageni hao hubanwa humo moja kwa moja. Wachache wasiobanwa, toluini kidogo, asetaldehaidi, pengine fomaldehaidi, hujitoa mmoja mmoja na kupaa. Mama anaposema godoro linanuka, hasemi harufu moja. Anataja msafara.

Na msafara huo huingia mjini kwa heshima. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, linatoka Kariakoo limelala juu ya guta, limevikwa nailoni inayong'aa, na mtaa mzima unajua nani kapata hela. Muuzaji alilisimamisha juani mbele ya duka tangu asubuhi. Amelipiga makofi mawili kuonyesha linavyorudi, akaapa: "Hii ni haidensiti, dada. Utazaa, utalea, utaozesha juu yake." Mume kalipa. Wakifika nyumbani anatoa amri moja tu, kwamba nailoni isiguswe, godoro lisije likachafuka.

Hapo sina budi kumpongeza mume, kwa kuwa hakuna aliyeifanyia harufu hisani kubwa kuliko yeye. Kuna nyumba mjini ambamo nailoni ya godoro hukaa hadi ichanike yenyewe, na kila mtu akigeuka usiku majirani wanapata habari. Ndani ya nailoni harufu haipotei. Inatunzwa, inatoka kidogo kidogo kwenye mishono, na inaweza kukaa wiki nyingi pale ambapo ingekaa siku chache. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii imejiuza dukani, na sasa inajitembeza mpaka jikoni. Ongeza nyumba ya bati, mwezi wa pili, Dar es Salaam, dirisha limefungwa kuzuia mbu. Joto huzidisha utokaji wa kemikali hizi, hata joto la mwili. Mtu akijilaza tu, anaipasha, nayo inainuka kumlaki. Adabu ya namna hiyo hata watoto wetu hawana siku hizi.

Fadhila yake kubwa zaidi ni kuchagua msikilizaji. Mume anaingia, anavuta pumzi, anatangaza kwamba hasikii kitu. Hasemi uongo. Pua ikikaa na harufu kwa muda mfupi huizoea na kuacha kuitangaza, na yeye ameshinda nayo tangu dukani. Mke, mimba ya wiki nane, ameisikia akiwa bado koridoni. Kichefuchefu huwapata kama wajawazito 7 kati ya 10, mara nyingi kuanzia wiki ya 6, na wengi hupata nafuu kabla ya wiki ya 20. Mwaka 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka zaidi upande wa mtoto na kondo lake, huchangia sana hali hiyo, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye huteseka zaidi. Kuhusu pua yenyewe, vipimo havijathibitisha kwamba ya mjamzito hunusa mbali kuliko yetu. Kinachopungua waziwazi ni uvumilivu. Na wapo wanaokwenda kinyume: mama anayekimbia kitunguu kikikaangwa, lakini akipita kituo cha mafuta anaomba dereva asimame kidogo apate kunusa petroli. Kwa mama wa aina hiyo godoro jipya ni sikukuu, na hao ndio nawahofia zaidi.

Ni harufu gani nyingine iliyowahi kumpa mwanamke mamlaka haya? Kwa neno moja, "linanuka", madirisha yaliyokuwa yamegandishwa na rangi yanafunguliwa kwa bisibisi. Televisheni inazimwa ili feni ipate soketi. Mume analala sebuleni kwenye mkeka, na habari zinafika Tanga kwa mama mkwe kabla hajapata usingizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umemhamishia mwenzio sebuleni."

"Godoro linanuka, mama. Kichwa kinaniuma."

"Kipya kinyemi, ijapo kidonda. Sisi tulilalia sufi, kitanda teremka tukaze, na watoto saba niliwazaa. Nakuja na udi."

Mama mkwe ana hoja kuhusu sufi. Haikutoka kiwandani, ilichumwa mtini ikashonewa kitambaa, na ikanuka vumbi tu. Kunguni wake tusiwataje, tunasifia kitu kingine leo. Lakini udi haufukuzi harufu ya sponji. Unaiolea mke mwenza. Moshi wa udi una chembe ndogondogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, na una benzini na fomaldehaidi zake wenyewe, hivyo chumba kilichokuwa na tatizo moja sasa kina mawili, na la pili linafuka. Vivyo hivyo manukato ya kupuliza. Mkaa baridi chini ya kitanda haumdhuru mtu, ila usiutegemee.

Sasa niseme jambo linalonifanya niipende kweli harufu hii, utani pembeni. Inajisema. Katika nyumba zetu vimejaa vitu vinavyostahili kuogopwa na havina harufu hata chembe. Jiko la mkaa likiingizwa ndani usiku wa mvua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana na isiyonuka, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko damu ya mama. Hakuna aliyehamia sebuleni kwa sababu yake. Hata sponji ina siri zake. Kwa miaka mingi sofa nyingi za Marekani zilitiwa dawa ya kuzuia moto iitwayo pentaBDE. Ilijitenga na sponji na kuingia kwenye vumbi la nyumba, ikaonekana katika damu za watu na katika maziwa ya mama, na tafiti zikaihusisha na matatizo ya ukuaji wa akili za watoto. Watengenezaji huko waliiacha mwishoni mwa 2004, na mwaka 2009 ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm. Miaka yote hiyo haikumnukia mtu. Nyumba iliyonunua sofa la mtumba la zamani, sponji yake inapukutika unga, imetulia tuli, huku nyumba yenye godoro jipya inafanya mkutano wa familia.

Kwa hiyo namwambia mama aliye na hofu: kilichokuamsha usiku ni mtoa taarifa. Hatari kubwa ya isosayaneti iko kiwandani, ambako inajulikana sana kwa kuwasababishia wafanyakazi pumu. Katika sponji iliyoiva imekwisha kugeuka kitu kingine, na kinachopaa chumbani ni kidogo sana kuliko anachokutana nacho mfanyakazi yule. Hakuna msingi wa kuamini kwamba usiku mmoja uliolala juu yake umemharibu mwanao. Lakini hakuna sababu vilevile ya kulala mwezi mzima macho yakiwasha na kichwa kikigonga, eti mume alilipa laki kadhaa. Ukibanwa kifua, ukikohoa kwa filimbi, au kizunguzungu kikikataa kuondoka hata ukiwa nje kwenye upepo, hiyo si kazi ya dirisha tena, ni kazi ya kliniki.

Na kliniki, ukiangalia vizuri, ilikwisha kutufundisha namna ya kuiaga harufu. Mjamzito akienda kuanza mahudhurio anapewa chandarua chenye dawa na maelekezo yake: kitoe kwenye mfuko, kianike kivulini saa 24, ndipo ukitundike. Hakuna anayebisha. Mume yule yule anaanika chandarua cha bure kwa utii mkubwa, kisha anaingia ndani kulalia godoro la laki kadhaa likiwa bado na nailoni. Nimejaribu kulielewa hili, nimeshindwa.

Godoro linataka heshima ile ile, ila kwa muda mrefu zaidi. Nailoni itoke yote, si upande mmoja tu uliokunjwa kwa aibu. Lisimamishwe kwa ubavu barazani, kivulini, penye upepo, ligeuzwe asubuhi na jioni. Jua kali liepukwe, maana huifanya sponji iwe ya njano na kuivunjavunja. Anayelibeba asiwe mjamzito. Shemeji wapo, na safari hii wana kazi. Kama hakuna baraza, madirisha mawili yanayotazamana yafunguliwe mchana kutwa, na feni ielekezwe nje iitoe hewa. Feni inayozunguka chumba kilichofungwa inairudishia mama harufu ile ile, ila sasa ikiwa na kasi. Harufu huwa kali zaidi siku za kwanza, kisha hushuka. Mara nyingi siku chache hadi wiki kadhaa hutosha, kutegemea unene, joto na upepo. Na pua ya kutoa hukumu isiwe ya mume, iwe ya mgeni atokaye nje.

Katika siku hizo alale wapi? Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, kwa kuwa godoro kuukuu limekwisha kuahidiwa binamu na lilichukuliwa na guta lile lile lililoleta jipya. Binamu asubiri. Godoro kuukuu lisitoke nyumbani hadi jipya lipitishwe na pua ya mwenye mimba. Na kigodoro cha mtoto, ambacho watu hununua wiki ya mwisho pamoja na beseni na kanga, kinunuliwe mapema kifunguliwe kipigwe upepo, kwani yule atakayekilalia hawezi kusema kinanuka.

Wenzetu wa Marekani wana lebo ya CertiPUR-US, inayotaka sponji ipimwe na kemikali zinazopaa zisifikie sehemu 0.5 kwa milioni. Ukiiona dukani kwako, vizuri. Usipoiona, tumia kipimo ulichozaliwa nacho: inama, nusa kwenye mshono, na usikubali kuambiwa kwamba zote zinanuka hivyo.

Ikipita wiki nne, limeanikwa kweli, na bado linatoa machozi, sifa zangu zimeishia hapo na godoro lirudi lilikotoka. Ndiyo maana siku ya kununua dai risiti ya mashine. Muuzaji atakuambia mtandao hauko. Kaa kwenye benchi usubiri urudi, na guta lisipakie kitu mpaka risiti iwe mkononi.